Mwanamke Hatari wa Filamu ya Mjukuu Wangu

Mume wangu wa kwanza alikufa vizuri. Aliugua, tukampeleka hospitali, akarudi, akafa nyumbani mbele ya watu, na kaburi lake lipo hapa Msambweni, kila apitaye analiona. Wa pili ndiye aliyeniletea maneno. Yeye hakufa. Nalisema hili mapema ili usije ukasumbuka kama walivyosumbuka majirani zangu kwa miaka thelathini na kitu. Alikwenda Tanga, akaoa huko, akaniandikia talaka, basi. Lakini mtaani kwetu inajulikana kwamba nilimuua.

Nitaeleza ilivyokuwa, kisha nifike kwenye filamu, maana filamu ndiyo niliyokusudia kuieleza.

Mtu huyo alikuwa akifanya biashara ya vitunguu, akivuka Lunga Lunga na kurudi. Safari moja hakurudi. Siku nyingi zikapita, halafu utingo wa lori akaniletea barua mlangoni, karatasi ya daftari la hesabu lenye visanduku, imekunjwa mara nne. Mimi nimesoma hadi darasa la pili, tena la pili lenyewe sikulimaliza, kwa sababu mama alijifungua mapacha na wa kuwabeba nilikuwa mimi. Barua ile sikuthubutu kumpa mtu anisomee, kwani nilihisi kilichomo. Nikaisoma mwenyewe, herufi moja moja, tangu adhuhuri hadi alasiri. Ilikuwa na mistari minne.

Sasa, mwanamke akiachwa hukaa eda miezi mitatu hivi. Akifiwa hukaa miezi minne na siku kumi. Hilo kwetu kila mtu analijua. Mimi nilikaa eda yangu ya kuachwa kimya kimya. Sikutoka, sikupaka wanja, harusini sikwenda. Wakiniuliza mume yuko wapi nasema yuko safarini, na sikuwa nikisema uongo, hata leo hajarudi. Eda ilipokaribia kwisha nikateleza bafuni, kifundo cha mguu kikavimba kama boga. Ningesema nimeumia mguu wangekuja wote kunikanda, na mtu anayekukanda mguu mikono yake ina kazi lakini mdomo wake hauna, kwa hiyo atauliza. Nikasema nina homa. Mama akaja kutoka Matuga, akanikanda yeye, akaondoka. Siku niliyoweza kukanyaga nilivaa buibui langu nikaenda maulidini.

Kumbe jirani yangu, tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta, alikuwa akihesabu. Alianzia siku aliyoniona mara ya mwisho nina wanja, akaweka alama za makaa nyuma ya mlango wake. Kwa hesabu yake nilikaa ndani miezi minne na siku kumi na moja. Yaani nimemaliza eda ya mjane, nimepumzika siku moja, nimetoka. Na kama hakuna habari ya msiba iliyofika mtaani, wala maiti iliyoonekana, mimi nilijuaje kwamba mume wangu amekufa?

Hesabu ile nimeitafakari miaka yote na sijaona kosa. Ningekuwa mimi ndiye jirani, ningejishuku vilevile.

Ningeweza kuitoa barua, mambo yakaisha siku hiyo hiyo. Sikuitoa. Nitasema kweli: niliona afadhali niitwe muuaji kuliko niitwe aliyeachwa kwa ajili ya mwanamke wa Tanga. Aliyeachwa huonewa huruma, na huruma ya mtaani kwetu huja na sahani, na kila sahani ina mwenyewe atakayekaa mpaka uilie mbele yake. Muuaji huachwa apumzike. Tena nilipata faida. Muuza samaki hajawahi kuniuzia samaki wa jana. Wakwezi wakinikwelea minazi, nazi zote zinafika nyumbani. Wanaume wa kuleta posa hawakuniudhi hata mmoja.

Shida ilikuwa moja tu, chakula. Mgeni akija kwangu hali mpaka nianze mimi. Hasemi kitu kibaya, la. Husema kwa adabu, "Tangulia, mwenzangu, bismillahi," kisha hutazama koo langu. Miaka thelathini na kitu nimekuwa nikianza kula nyumbani kwangu mwenyewe kama mimi ndiye mgeni.

Haya, filamu.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu kwa yule mume aliyekufa vizuri, anasomea chuoni mambo ya kutengeneza filamu. Yuko mwaka wa mwisho. Alikuja kwangu wakati wa kiangazi na mwenzake wa chuo, kijana wa bara, mrefu, mpole, aliyebeba koti la sufu begani. Nikamwuliza mjukuu kama kijana ana baridi yabisi. Akasema, "Hapana, Bibi. Yeye ni mpelelezi."

Kijana akanyoosha mkono. "Niaje, shosho."

Nikautazama mkono, nikamtazama mjukuu. Mjukuu akamwambia kwa sauti ya chini, "Sema shikamoo."

"Shikamoo, shosho."

"Marahaba. Sasa umefika."

Wakanieleza. Kuna filamu za zamani za ughaibuni, filamu za giza, zina kanuni zake. Picha haina rangi. Mvua inanyesha. Mpelelezi ana koti na kofia na anasimulia mwenyewe jinsi alivyoangamia. Kuna mwanamke mzuri, hatari, anavuta sigara nyuma ya dirisha la vibao, na kivuli cha vibao kinamchora mistari usoni. Mwisho mwanamke anaonekana kuwa ndiye mwenye hatia. Mjukuu wangu alishatengeneza ya kwanza huko Ukunda, katika stoo ya hoteli, yenye kila kitu nilichotaja. Mwalimu wake akaitazama, akairudisha. Alimwambia, "Umeiga vizuri. Sasa wewe uko wapi humu?" Alitakiwa alete nyingine, azitumie kanuni zile na azivunje, na aweze kueleza kila aliyoivunja kwa nini ameivunja. Asipoileta kabla chuo hakijafunga, au ikirudishwa tena, anarudia mwaka mzima.

"Na hii mpya inahusu nini?" nikamwuliza. Nilikuwa nachekecha unga.

"Mwanamke ambaye mumewe ametoweka," akasema. "Mpelelezi anakuja, anagundua kwamba mwanamke alikaa ndani siku za eda ya mjane."

Nikaendelea kuchekecha. "Hadithi hii umeitoa wapi?"

"Nimeitunga, Bibi." Akasema akimtazama kuku.

"Na mwanamke huyo ataigizwa na nani?"

Akamtazama kuku mwingine. "Nilifikiri wewe."

"Si umesema ni mzuri na hatari?"

"Ndiyo."

"Mimi nina meno sita."

"Hapo ndipo nitakapokuwa nimevunja kanuni," akasema mjukuu wangu.

Nilikubali. Watu watashangaa, lakini ningemkatalia vipi? Na tuseme ukweli, sifa ya uhatari nilikuwa nayo tayari, sikuwa na la kujifunza.

Dirisha la vibao sikuwa nalo. Lakini jiko langu la nje ni la fito, na udongo wa kiambaza upande wa mashariki ulianguka mvua za masika, nikawa sijapata mtu wa kukandika. Jua likipita kwenye zile fito, ndani mnakuwa na mistari kama mkeka. Mjukuu alipoingia akasimama katikati, akaanza kutembea polepole akiitazama mistari ikimpita mikononi. Nilitaka kumwambia asikanyage sufuria. Ughaibuni wanajenga madirisha kupata kivuli hicho. Mimi niliangukiwa na udongo.

Sigara nilikataa. Nikaleta chetezo na udi, na moshi ulikuwa mzito kuliko wa sigara, na baada ya kazi nyumba ilinukia. Usiku pia nilikataa, kwani nimeshazeeka na saa tatu niko kitandani. Mjukuu akasema vizuri, giza letu litakuwa la saa sita mchana, jua likiwa kali nje na jikoni hamwonekani. Mvua ndiyo iliyoleta ubishi. Walikuja na mpira wa maji, wakataka kuufunga kwenye tangi langu wamnyeshee mpelelezi mlangoni. Kiangazi kile, ng'ombe wa huko Kinango wanakufa kwa kiu, na mimi nimwagie maji kijana aliyevaa koti? Nikakaa juu ya mfuniko wa tangi mpaka waliposalimu amri. Kumbe haikuwa na haja. Lile koti alilivaa dakika kumi tu, akalowa kuliko angenyeshewa. Jasho lilimtoka kwenye kofia likashuka puani. Mjukuu akasema hiyo ndiyo mvua yetu, akaandika kwenye daftari lake.

Tukafika mahali mpelelezi anaingia. Maandishi yalisema asukume mlango kwa mguu, aseme, "Mumeo yuko wapi?"

Akausukuma. "Mumeo yuko wapi?"

Nikanyamaza.

"Bibi," akasema mjukuu, "hapo unajibu."

"Nimjibu nani? Hajapiga hodi."

Tukarudia. Akasukuma, akauliza, mimi nikajikuta nasema "Karibu, mwanangu, kaa," na yeye akasema "Asante, shosho," akakaa. Tukarudia tena. Mara ya saba mjukuu akaketi chini, akashika kichwa. Kisha akasema, "Fanyeni mnavyotaka. Asalimie."

Basi kijana akapiga hodi. Nikasema karibu. Shikamoo. Marahaba. Habari za hapa? Njema. Wazima? Wazima, alhamdulillahi. Watoto hawajambo? Hawajambo. Mifugo? Ipo. Shamba? Jua kali, lakini tunashukuru. Na jasho lilikuwa likimdondoka, na moshi wa udi ulikuwa ukipita katikati yetu, na kila swali alikuwa akilitoa polepole zaidi, maana yalikuwa yanamwishia. Halafu akasema, "Na mzee, hajambo?"

Nikasema, "Hajambo."

Tukatazamana. Mjukuu wangu baadaye alinionyesha mkono wake jinsi vinyweleo vilivyosimama. Hata mimi niliogopa kidogo, na mimi ndiye niliyekuwa najua.

Kesho yake tukapiga ile sehemu mpelelezi anajumlisha siku. Jirani yangu alikuwa amejitwika kazi ya kuanika muhogo juu ya ukuta, siku zote tatu za kazi yetu alianika muhogo ule ule. Mpelelezi akatoa kidaftari, akasema kwa sauti ya kitisho, "Ulikaa ndani miezi minne na siku kumi."

Sauti ikatoka ukutani. "Kumi na moja."

Tukageuka wote.

"Naomba radhi," jirani akasema. "Lakini ni kumi na moja. Msije mkaandika vibaya."

Mjukuu akamshukuru, akamwambia mwenzake arudie na kumi na moja. Lakini ile sauti ya ukutani aliihifadhi, hakuifuta. Jirani akarudi kwenye muhogo wake ameridhika, kama shahidi aliyeapishwa.

Kikabaki kitu cha mwisho, sauti ya kusimulia. Katika filamu zile msimulizi huwa mwanamume. Mjukuu alitaka asimulie mwanamke. Ili kelele za kuku zisiingie, tulijifunika blanketi mimi naye kitandani mchana wa jua kali, simu ikiwa katikati, yeye akinimulikia karatasi. Maneno yalianza, "Nilimuua, na nitawaambia kwa nini." Nikayasoma kwa mwendo wangu, herufi moja moja. Nilipofika kwenye "nilimuua" nikasimama.

"Mwanamke wa filamu hizi huwa na hatia siku zote?" nikamwuliza.

"Siku zote, Bibi."

"Na mwalimu wako anataka uvunje."

"Ndiyo. Mwisho ndio sijaupata. Najua ataurudisha, lakini sina mwingine. Chuo kinafunga wiki ijayo."

Tulikuwa tunatoka jasho. Nikamwuliza lile nililokuwa sijamwuliza mtu yeyote. "Wewe unaamini nilimuua?"

Chini ya blanketi mtu hana pa kutazama. "Nilisikia nikiwa darasa la tatu."

"Na miaka yote hiyo ukawa unakula kwangu. Tena unaanza wewe."

"Nilikuwa na njaa, Bibi," akasema. "Halafu nikawaza, kama ulimuua, basi lazima alikuwa amekufanyia jambo."

Sasa hapo ndipo. Majirani wangeniita muuaji hadi siku ya kuzikwa, wala nisingekosa usingizi. Lakini mtoto huyu tangu darasa la tatu amenibebea maiti isiyokuwepo, hakumwambia mtu, akaja kila likizo akanitekea maji. Nikalifunua blanketi. Barua ilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya sindano na nyuzi. Nikampa.

Aliisoma kwa kupepesa jicho. Mimi ilinichukua hadi alasiri.

"Aliniacha," nikamwambia. "Ile siku ya ziada na zile nyingine zote zilikuwa za mguu. Niliteguka bafuni."

Akaigeuza karatasi kutazama nyuma kama kuna zaidi. "Basi tu?"

"Basi tu."

Akakunja karatasi. Nilimwona amepoa kidogo, kama mtu aliyeahidiwa nyama akaletewa mchicha. Kisha akalia, akaniegemea begani, akacheka, siwezi kuupanga mfuatano wake. Alipomaliza akaniambia, "Bibi, huu ndio mwisho wangu. Lakini filamu itaonyeshwa hapa, mwalimu anataka watu wa mahali waione. Ukikataa, nitabaki na ule mwisho wa kwanza."

Nikamwambia anipe hadi kesho. Nilimfikiria muuza samaki. Nilifikiri juu ya sahani za huruma zitakazopangwa mlangoni, na wanawake waliozaliwa juzi wakiniambia pole. Asubuhi nikamwambia alete kamera.

Alinipiga picha nikiisoma barua, mistari ya fito ikiwa juu ya karatasi, kidole changu kikilifunika jina la mwenyewe. Nilisoma kama nilivyosoma siku ile, herufi baada ya herufi, na mpelelezi akiwa amesimama na koti lake akingoja. Mjukuu hakukata. Kijana akamnong'oneza kwamba watu watachoka. Mjukuu akasema, "Na yeye alichoka."

Ilionyeshwa baada ya alasiri katika ukumbi wa chama cha kina mama. Madirisha yalizibwa kwa kanga, kwa hiyo giza lilikuwa na maua. Mwalimu wake alikaa mbele na daftari. Mimi nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango, mguu mmoja nje. Salamu zilipokuwa zikiendelea watu waliacha kujipepea. Ile sauti ya "kumi na moja" ilipotoka ukumbi wote ukacheka na jirani akajifunika mtandio. Barua ilipokuja, kimya. Ilipokwisha, kimya bado. Mimi nilikuwa nimeshikilia viatu mkononi.

Muuza samaki ndiye aliyesema kwanza. "Nzuri. Ila mwisho wameubadilisha."

"Wangefanyaje?" akajibu mwingine. "Mwenyewe yupo hapa. Watamwonyesha ameua, kesho polisi waje?"

"Na karatasi yenyewe, mtu yeyote ataandika."

"Lakini ameigiza vizuri, alhamdulillahi. Mpaka nimemwonea huruma kidogo."

Hawakuamini hata mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa sahani na hakuja mtu na sahani. Mwalimu alimwuliza mjukuu wangu kanuni moja moja, kwa nini mchana, kwa nini udi, kwa nini salamu, kwa nini mwanamke hana hatia, na mjukuu akajibu zote amesimama wima. Mwalimu akasema barua ni ndefu mno. Kisha akasema amepita. Kijana wa bara akavua koti mbele ya watu, na sikumwona akilivaa tena.

Jirani yangu alitoka ukumbini akaenda zake bila kuniaga, jambo ambalo si desturi yake.

Asubuhi yake nilikuwa nimekaanga kaimati. Nikasikia hodi.

"Karibu."

Akaingia, akakaa kwenye kigoda, akavitazama vidole vyake. Nikamwekea chai na sahani ya kaimati katikati yetu.

"Homa ile," akasema, "ilikuwa mguu?"

"Mguu."

"Upi?"

Nikamwonyesha. Kifundo hakijarudi sawasawa mpaka leo. Akakishika, akakigeuza, akakibonyeza kwa dole gumba kama anayechagua parachichi.

"Sikukosea siku lakini," akasema.

"Hukukosea hata moja."

"Mbona hukusema, mwenzangu?"

"Mbona hukuuliza?"

Akawaza. "Nilikuwa nahesabu," akasema, akanyoosha mkono, akachukua kaimati, akaitia mdomoni, akatafuna akitazama nje kwenye muhogo wake. Mimi nilikuwa sijaonja hata moja. Niliona vibaya kidogo, mkono wangu ulikuwa umeshafika sahanini. Nikaurudisha, nikangoja amalize.